Siku Sitini za Mkaja

Bwenini, Msambweni
Jumapili, 15 Juni

Dada Hafsa,

Assalaam alaykum na shikamoo. Salamu pia kwa mtoto, ambaye mpaka leo simjui uso. Chirau wa mikate ameniambia ana nywele nyingi na analia kama honi ya lori. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii, maana kila akishusha mikate kwenye kantini yetu huendelea nayo mpaka Majoreni. Ukiona karatasi ina mafuta, si mimi, ni mikate.

Ningepiga simu, lakini unaijua shule hii. Simu ni mara moja kwa mwezi, ofisini kwa metroni, naye hukaa palepale akijifanya anasoma gazeti. Zamu yangu ya mwezi huu niliitumia kwa Mama. Huko Muscat kulikuwa na kelele ya mashine ya kufulia. Aliniuliza kama ninakula, nikasema ninakula. Nikamuuliza kama analala, akasema analala. Nadhani sote wawili tulidanganya kidogo.

Nimechoka, dada. Siumwi popote. Nimechoka tu, kama mtu aliyejitwika ndoo akasahau kuitua. Nimeacha voliboli. Madam Kavenya, mwalimu wetu wa michezo, ameniuliza mara tatu kwa nini, nami mara tatu nimemwambia nataka kusoma Kemia. Haamini, kwa sababu Kemia nilipata ishirini na nane.

Usimwambie Mama. Anapenda kuwahadithia wenzake wa kazini kwamba ana binti anayeruka juu ya wavu.

Niandikie habari zako. Utarudi lini kwenye mwani? Nakukumbuka ulivyokuwa ukilibeba gunia bichi kutoka majini huku unacheka na wenzako, nami nyuma na kikapu kitupu.

Mdogo wako,
Yusra


Majoreni
Jumatano, 18 Juni

Yusra mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Barua imefika na mafuta yake.

Leo ni siku ya arobaini tangu nijifungue. Wanawake wa mtaa wamekuja, wamepika wali, wameimba, mtoto amepokezanwa mikononi kama sinia. Mimi nimekaa chumbani. Damu yangu haijakatika, na ndivyo nilivyomwambia mavyaa. Amesema si kitu, wengine huenda mpaka siku sitini, na sitini ndiyo mwisho wa nifasi, mwisho wa kukaa bila swala. Wewe unamjua Mwalimu Mwanapili. Ametufundisha Kurani chuoni tangu tukiwa hatujang'oa meno ya utotoni, na sasa kwa kuwa nimeolewa na mwanawe Suleiman, ni mavyaa wangu, lakini akiingia bado nasimama wima kama mtu aliyesahau hizbu yake.

Ni mwema kwangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, ananifunga mkaja kwa mikono yake, leso mbili zilizokunjwa, tumbo lote, mpaka pumzi inasimama. Nikimwambia huku chini kuzito, anasema tumbo halijarudi mahali pake, na kesho yake anakaza zaidi. Suleiman analala Shimoni kwenye karakana ya injini za boti. Huja Alhamisi na samaki, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akarudi. Atahamia chumbani nitakapotoka nifasi.

Sasa wewe. Chirau ameniambia jambo jengine, nami nimelizungusha kichwani siku mbili. Anasema kila akija anakuona umejifunga sweta kiunoni na jua lote hili, na umekaa peke yako. Umeacha mpira, sweta kiunoni, uchovu usio na ugonjwa. Yusra, mimi si mtoto. Kuna mvulana? Umekosa siku zako? Niambie mimi mwanzo kabla halijawa kubwa. Sitapiga kelele. Hata nguvu ya kupiga kelele sina.

Dada yako,
Hafsa


Bwenini
Jumapili, 22 Juni

Dada,

Barua yako niliisomea chooni, maana siku hizi ndiko ninakoishi.

Hakuna mvulana. Mwanamume pekee ninayezungumza naye ni Chirau, naye ana wajukuu. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona una haki, kwa sababu hata mimi ningefikiri hivyo. Basi nakwambia, na ukishasoma uichome.

Mwezi wa tano tulicheza Ukunda. Seti ya mwisho niliruka kuupiga mpira, na nilipotua nilihisi joto likishuka mapajani. Niliangalia chini. Suruali ya michezo ilikuwa ya kijivu, na kijivu hakifichi kitu. Sijui akili ilitoka wapi. Nilinyakua chupa ya maji pembeni mwa uwanja nikajimwagia kuanzia kichwani. Wenzangu walidhani nafurahia pointi, nao wakaja kunimwagia. Picha ya siku ile imebandikwa ukutani ofisini, sote tumelowa tunacheka. Kila nikipita naangalia suruali yangu.

Tangu hapo mkojo hunitoka kila nikiruka, kila nikikimbia, hata nikicheka sana. Niliacha kuruka, halafu nikaacha kucheka. Navaa pedi mbili na sweta juu yake. Nimepunguza maji mpaka vikombe viwili kwa siku, na mkojo unatoka kama chai ya rangi. Kwenye swala ni balaa. Nikirukuu tu, naondoka safuni, naenda kutia udhu, nikirudi imamu ameshatoa salamu. Sasa nawaambia niko kwenye siku zangu. Mwezi huu nimekuwa kwenye siku zangu mara tatu. Dama, anayelala kitanda cha chini yangu, aliniambia, "Yusra, kalenda yako imechapwa vibaya." Wakacheka wote, nami nikabana.

Darasani tumefundishwa mifupa yote ya nyonga kwa Kiingereza, naweza kuichora na kuitaja mmoja mmoja. Hili langu halimo kwenye mchoro. Na kwa Kiswahili silijui neno lake lisilokuwa la kumchekea mtoto anayekojoa kitandani.

Mimi sijazaa, dada. Nina miaka kumi na sita. Haya si mambo ya vikongwe?

Yusra


Majoreni
Ijumaa, 27 Juni

Yusra,

Nisamehe kwa lile nililokudhania.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mtoto analia, nainuka, nikirudi naisoma naona nilichoandika ni uongo, naichana. Nilikuwa nakuandikia kama dada mkubwa asiyejua kitu, nakwambia uende kwa metroni. Nimechoka kuwa mkubwa. Sikiliza.

Damu yangu ilikatika siku ya ishirini na sita. Ninachokificha ni hicho hicho chako. Nikikohoa, nikiinua ndoo, nikiinuka tu kutoka mkekani na mtoto mikononi. Na kuna uzito chini kama kitu kinataka kuanguka. Leso ninazolowesha nazifua pamoja na nepi ili zionekane za mtoto. Mavyaa amewahi kusema mtoto huyu anakojoa kuliko ng'ombe. Mtoto wa watu, nimemchafulia jina angali hajajua kukaa.

Nilidanganya kwa sababu ya swala. Unakumbuka chuoni tulivyoimba yanayotengua udhu? Cha kwanza ni kila kinachotoka mbele na nyuma. Nikajiambia, ikiwa kinanitoka saa yoyote, basi udhu sina saa yoyote, nitasimamaje kuswali kando ya mwalimu aliyenifundisha hayo? Nikasema ni damu. Sasa ni karibu mwezi mzima sijaswali kwa uongo, na hilo linaniamsha kuliko mtoto.

Siku ya sitini ni Jumanne, tarehe nane Julai. Nikisema damu bado, mavyaa atanipeleka Vanga kwa mama mmoja anayekanda matumbo, akae nami wiki nzima akinifunga. Nikisema imekatika, naoga, naswali kando yake, na Suleiman anarudi chumbani. Atajua usiku huohuo. Nikirudishwa kwetu, ni kwetu wapi, na Baba hayupo na Mama yuko Omani? Nyumba yenyewe tumeipangisha.

Wakati mwengine natamani nirudi tu kwenye mwani. Ukisimama baharini mpaka kiunoni hakuna anayejua maji yapi ni ya nani.

Usimwambie mtu. Na wewe kunywa maji, mwendawazimu.

Hafsa


Bwenini
Jumanne, 1 Julai

Dada yangu,

Usishtuke kwa bahasha. Nimepewa hospitalini, nimeitumia kwa sababu zangu zimekwisha.

Ijumaa nilianguka paredi. Ni yale maji nisiyokunywa. Madam Kavenya akanibeba mpaka stoo ya mipira, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la koni. Nikaanza kusema Kemia. Akasema, "Kemia gani na wewe? Mimi nina watoto watatu, na niliacha kuruka kamba miaka minane kabla ya mtu kuniambia si lazima niache. Unavuja, si ndiyo?" Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza kama umekula. Nililia mpaka nikaona aibu ya kulia ikazidi ile nyingine.

Jana akanipeleka hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anaitwa Eunice. Chumba kina mikeka na mipira mikubwa, na hakuna harufu ya dawa. Madam alikaa nami muda wote. Eunice hakunifanyia chochote cha kutisha. Aliuliza nakunywa nini, naenda chooni mara ngapi, ninaporuka pumzi inakuwa wapi. Kisha akaniambia nilale chali na kuweka mkono tumboni, na kazi ya siku nzima ikawa kupumua.

Alieleza kwa kitanda cha kamba. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandwa kama zile kamba, inashikilia kibofu na kizazi na vyote vilivyo juu. Kwa aliyezaa, zimevutwa zikalegea. Kwa mtu kama mimi, nimeruka miaka mitatu huku nikizuia pumzi, na kila nikitua mzigo wote unapiga palepale. Nikiona aibu nabana mchana kutwa, na kamba iliyobanwa mchana kutwa nayo huchoka. Alisema kamba zikilegea mtu hatupi kitanda, anakiwamba upya, polepole, kamba moja moja.

Zoezi ni hili. Unavuta pumzi, tumbo linalegea. Unapoitoa, unainua kule chini kwa upole, kama unazuia upepo usikutoke mbele ya wakwe. Unahesabu tano, unaachia kabisa, unapumzika. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi. Nilimuuliza miezi mingapi, akasema mitatu kabla ya kuanza kumlaumu.

Sasa nikiri. Nilimwambia nina rafiki aliyejifungua. Akacheka, akasema wote wanaokuja pale wana rafiki. Sikutaja jina. Nilimweleza uzito wako na mkaja. Aliacha kuandika. Alisema kitambaa cha kushikilia tumbo kwa wepesi si kibaya, lakini ukilikaza tumbo namna ile, kilichomo kitakwenda wapi? Kinasukumwa chini, kwenye kamba zilezile zilizolegea. Dada, kila ukilalamika uzito anakaza, na kila akikaza unazidi uzito. Ufungue. Mwambie akufungue. Na usimwendee mtu wa Vanga, wala usiguse gunia la mwani.

Kliniki yake ya kinamama ni Jumanne. Siku yako ya sitini ni Jumanne.

Kuhusu swala, Eunice ni wa kanisani, alisema hilo hajui, nimuulize mwalimu wangu wa dini. Mwalimu wangu wa dini ni yule anayekufunga mkaja.

Yusra


Majoreni
Jumamosi, 5 Julai

Kwa binti yangu Yusra,

Waalaykum salaam warahmatullah.

Barua yako niliifungua mimi. Chirau alinikuta mlangoni, bahasha ina muhuri wa hospitali, nami nilikuwa nimemtuma mtu aniulizie huko habari za damu isiyokatika. Nikadhani ni majibu. Nilipoona mwandiko wako ningeweza kusita. Sikusita. Hilo nakuomba radhi, na Mungu naye nimemwomba.

Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilikaa chini, nikaelewa kwamba si damu inayomzuia kuswali.

Sina hasira na Hafsa. Nimefundisha wanawake wa hapa dini miaka ishirini na miwili, na mkwe wangu amekaa chumba cha pili mwezi mzima akiamini Mungu hamtaki. Mwalimu wa namna gani huyo?

Nitakwambia jambo ambalo hata Suleiman halijui. Nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Bibi yangu akanifunga mkaja, mkazo huohuo nilioujua mimi, maana ndivyo alivyofungwa yeye. Tangu hapo, miaka ishirini na saba, naswali safu ya nyuma karibu na mlango. Watu husema ni unyenyekevu wa mwalimu.

Kitabu kina jibu la Hafsa, na lako. Kina mlango mzima wa mtu ambaye hadathi, kile kinachotengua udhu, haimkatikii. Ajisafishe, ajifunge kitambaa, wakati wa swala ukishaingia atie udhu, aswali palepale bila kukawia. Kikimtoka katikati aendelee. Swala yake ni sahihi. Mimi nimeswali hivyo maisha yangu. Lakini kila mwaka tukifika mlango ule naziruka kurasa tatu, nawaambia wanafunzi hayo ni ya wagonjwa, tuendelee na kutayamamu. Nilichelea macho yao yasije yakaniangalia nikiusoma. Nyinyi wawili mlikuwa kwenye mkeka mwaka mmoja nilipouruka. Hafsa alikuwa wa mbele.

Asubuhi ya leo nilimfungua mkaja, nikazikunja leso, nikatoka bila neno. Amedhani nimemsusa. Namsikia analia, nami niko hapa upenuni nakuandikia wewe mtoto, kwa sababu maneno ya kumwambia yeye sijayapata.

Barua yako ninayo. Nifanyeje?

Na yule bibi wa Msambweni, je, anapokea wa miaka hamsini na minne?

Ni mimi,
Mwanapili


Bwenini
Jumapili, 6 Julai

Bi Mwanapili, shikamoo.

Niwie radhi kwa mwandiko, naandika kwa haraka. Chirau amesimama getini anangoja, anasema mikate ya Majoreni itakauka.

Anapokea. Nilimwona mama mwenye mkongojo akitoka nilipokuwa naingia.

Barua mpe Hafsa. Mpe na hii ya kwako uliyoniandikia, nimeikunja humu ndani. Mimi nikikosa la kusema huandika, halafu najificha. Wewe unaweza kukaa naye huku akisoma.

Ni mwanafunzi wako,
Yusra


Majoreni
Jumapili, 13 Julai

Yusra,

Alinipa zote mbili Jumapili ileile, akakaa mlangoni amenipa mgongo. Nilisoma mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mwalimu, chai itapoa." Akasema, "Niite mama." Tukanywa chai.

Jumanne Chirau alitubeba mbele kwenye pikapu yake, makreti nyuma, mtoto katikati. Suleiman alikuwa amekuja. Mavyaa alimwambia, "Nampeleka mkeo hospitali, na mama yako pia anakwenda." Akauliza nani mgonjwa. Akamjibu, "Shika injini zako." Jioni nilimweleza mwenyewe, yote, nikiangalia ukuta. Akasema kumbe ndiyo maana ya nepi zote zile. Tangu siku hiyo ndoo za kisimani anachota yeye. Bado hajajua aniangalie vipi, nami sijui. Lakini amerudi chumbani.

Eunice alitulaza mikeka miwili kando kwa kando. Fikiria hilo. Mavyaa akamuuliza, "Ninainua mpaka wapi?" Nilipotaka kucheka nikakumbuka ya upepo na wakwe, na mkwe mwenyewe ndiye huyo amelala hapo. Tulicheka sote mpaka yale maji yakatutoka sote, na Eunice akasema basi tuanze hapo hapo.

Sijapona, usidhani. Asubuhi ya leo nimekohoa na yamenitoka. Uzito umepungua tangu mkaja ufunguliwe, hilo ni kweli, lakini nikisimama sana jikoni unarudi. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu asiyelala. Nafanya zoezi ninaponyonyesha. Mara nyingine nasinzia kwenye namba tatu. Mwani nimeambiwa ungoje, na magunia watabeba wengine kwanza. Leso mbili za mkaja sasa ndizo ninazombebea mtoto mgongoni.

Nimefurahi kusikia kwa Chirau kwamba Madam amekuruhusu kurudi uwanjani kwa kupiga sevu tu, bila kuruka. Mama tutamwambia utaruka kesho.

Magharibi ya Jumanne ileile niliswali. Safu ya nyuma, karibu na mlango, bega kwa bega na yeye. Kwenye rakaa ya pili yalinitoka. Niliendelea. Swala zile za mwezi mzima nazilipa kidogo kidogo, naye hukaa nami.

Jana chuoni nilipeleka uji wa watoto, nikamkuta amewakalisha mabinti wakubwa, kitabu kimefunguliwa. Aliwasomea mlango wote, kurasa zote tatu, sauti ikikatika mahali, anarudia. Akamaliza. Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, watu hao ni akina nani?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Mmoja ni mimi," akasema. "Andikeni."

Dada yako,
Hafsa